Waya wa Bluu wa Murangi

Gody hakuwa mtu wa kuambiwa amekosea. Ukianza tu kumwambia, hujafika hata katikati, macho yameshabadilika. Mtaani Makoko, pale alipopanga, alishagombana na mwenye nyumba kisa kamba ya kuanikia nguo, akagombana na mama wa maandazi kisa andazi bichi, na mwenyekiti wa mtaa akimwona anakuja alikuwa anahamia upande wa pili wa barabara. Lakini umeme wako ukisumbua ungemfuata yeye huyohuyo. Ugomvi wake ulikuwa mdomoni, haukufika mikononi. Waya akiupitisha ukutani unanyooka mpaka unajiuliza kama ameupiga pasi.

Shule aliishia kidato cha pili. Alimjibu mwalimu vibaya, akaambiwa aje na mzazi, akaona bora asirudi kabisa. Akaenda Bunda kwa mzee mmoja anaitwa Stanislausi, fundi wa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, na huyo ndiye aliyemtengeneza. Stanislausi alikuwa na bisibisi, koleo na mdomo mkali kuliko wa Gody mwenyewe, ndiyo maana waliwezana. Kitabu hakuwa nacho. Na pale jineri kila kitu kilikuwa mota. Mota za kuchambulia, mota za kupulizia, mota za kubania marobota.

Umeme mkubwa kama ule unaingia na waya tatu zenye moto, zile fezi, na waya wa nne wa kurudia, ndiyo nyutro. Stanislausi alimfundisha hivi: mzigo ukiugawa sawasawa kwenye fezi zote tatu, zikikutana huko kwenye nyutro zinamalizana zenyewe, hakuna kinachorudi. Kwa hiyo nyutro weka hata mwembamba, haina kazi. Na kweli, muda wote aliokaa Bunda, Gody hakuwahi kuona nyutro imeungua. Akaondoka na hilo neno kichwani kama mtu aliyeshika sala.

Ndiyo akapata kazi ya Gaudensia.

Gaudensia ni mama wa Murangi, ana nyumba ya kuchajia betri pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa. Kama hujui uvuvi wa dagaa ukoje, ni hivi. Dagaa anafuata mwanga. Mwezi ukiwa unawaka huwezi kumpata, amesambaa ziwa zima, wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu na kutaniana. Mwezi ukipotea, wanasemaga giza limeingia, hapo mitumbwi yote inatoka na taa. Zamani zilikuwaga karabai. Sasa hivi ni taa za betri, na hizo betri zinarudi asubuhi zimekufa, zinatakiwa jioni ziwe zimejaa. Giza likiingia, nyumba ya Gaudensia inajaa chaja ukuta mpaka ukuta, zinavuma kama nyuki.

Gody akaifunga hiyo nyumba. Aligawa chaja kwenye fezi tatu kwa usawa ambao hata Stanislausi angenyamaza. Kila fezi waya mnene. Nyutro, ule wa bluu, akaweka mwembamba. Kuiba hakuiba, tena mama wa watu alimwambia nunua unachotaka. Alifanya vile kwa kuwa ndivyo alivyojua, na alivyomaliza akajipiga picha mbele ya kazi yake akaiweka kwenye simu.

Mtu wa kukaa na zile chaja alikuwa Silasi, mtu mzima, kwao Butiama. Kazi yake kupokea betri, kuzichomeka, kuzitoa, kujua ipi ya mtumbwi gani. Watu walimpenda maana hajawahi kuchanganya betri ya mtu. Wavuvi walikuwa wanamwachia hata simu zao azichaji kwenye kisahani chake cha pembeni, ile soketi ya ziada, bure, na Gaudensia alikuwa anajua.

Giza la kwanza halijaisha, Silasi akampigia Gody. Akasema huu waya wa bluu unanukaga mchana chaja zikiwa zote zinafanya kazi. Gody akamwambia mzee, huo haubebi kitu, labda ni harufu ya dagaa. Wakacheka wote wawili. Giza la pili Silasi akapiga tena, safari hii hakucheka. Gody alikuwa juu ya dari la mtu kule Bweri, jasho linamwingia machoni, akamjibu kwa hasira kwamba kila mtu ashike kazi yake, yeye hajawahi kumfundisha Silasi kupanga betri.

Silasi hakupiga tena.

Mchana mmoja, katikati ya siku za giza, ule waya wa bluu ukakatikia kwenye kiungio. Nyutro ikikatika kwenye fezi tatu, umeme unapoteza mshiko. Upande wenye mzigo mdogo unapanda, upande mwingine unashuka. Chaja zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine, pa, pa, pa, moshi ukatoka mpaka juu ya bati. Silasi ndiye aliyekimbilia swichi kubwa akaizima kwa mkono umefungwa shati. Ile swichi haikujizima yenyewe, maana inazilinda fezi, nyutro hailindwi na mtu.

Gody alifika na bodaboda akakuta mwalo mzima uko mlangoni. Mitumbwi haitoki leo. Mbele yao kasimama Amos, nahodha, jamaa mmoja mwenye kifua na sauti ya kuitia watu ng'ambo. Amos alitaka kujua kitu kimoja tu, ni nani.

Gody akaingia ndani. Akaangalia. Fezi zote nzima, hazijabadilika hata rangi. Wa bluu umekuwa mweusi mwanzo mpaka mwisho, ganda limeyeyuka linaning'inia kama kamasi. Na pale, wakati bado amechuchumaa, akaligusa lile ganda kwa kidole. Alikumbuka zile simu mbili za Silasi. Hakuwa anaelewa kwa nini umeungua, lakini alielewa ni waya wa nani umeungua.

Angeweza kukaa hapo na hilo kidogo tu. Mlangoni Amos akauliza tena, vipi fundi, hii kazi ni yako si ndiyo? Basi. Lile neno "yako" ndilo lililomwasha. Macho yakaanguka kwenye kile kisahani cha simu. Mdomo ukatangulia.

"Mzee Silasi, hapa umekuwa unachomeka vitu vyako vingapi?"

Silasi akasema ni simu za watu, wanajua wenyewe. Gody akapandisha sauti. Akasema umeme una hesabu yake, yeye alipanga hesabu, kuna mtu amekuwa anauiba huu umeme anafanya biashara yake pembeni, ndiyo maana nyumba imeungua. Akasema mwizi. Alilitamka hivyohivyo, mwizi, mbele ya watu waliokuwa wanatafuta wa kumlaumu.

Simu zenyewe zilikuwa za haohao wavuvi, lakini mtu mwenye hasira hakumbuki simu yake ilikuwa wapi jana. Wakamtoa Silasi nje. Hawakumpiga. Amos alichukua betri moja lililoungua, zito lile, akamtwika kichwani, wakamwongoza nalo kwa miguu kutoka mwaloni mpaka barabarani kwenye kijiwe cha bodaboda, watu wanazomea, wanawake wa kuanika dagaa wamesimama na fagio zao wanaangalia. Maji ya betri yalikuwa yanamdondokea begani, shati linatoboka. Mtu mzima, mwenye wajukuu.

Gody alitembea nyuma yao. Hakuzomea. Hakusema lolote pia. Alitembea tu kama mtu anayesindikiza harusi ya watu asiowajua, na alipoona Silasi anayumba akaangalia pembeni, ziwani.

Kesho yake akaenda Musoma mjini kununua waya mpya. Gaudensia alimpa Amos amsindikize kubeba. Dukani Gody akashika waya mnene wa bluu, saizi ya fezi kabisa, akaupima kwa vidole. Moyo wake ulikuwa unamwambia chukua huo. Halafu akamwona Amos amesimama pale anatafuna muwa, anamwangalia. Akiongeza unene Amos atauliza kwa nini, siku zile ulikuwa mwembamba si ndiyo? Gody akaurudisha kwenye shelfu. Akanunua mwembamba uleule, akaenda kuufunga.

Hilo la dukani ndilo lilimtesa kuliko yote baadaye. Kule Murangi alikuwa na hasira, mtu mwenye hasira unaweza kumwelewa. Dukani hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa mtulivu kabisa.

Silasi akarudi kwao Butiama. Kwenye nyumba ya kuchajia akakaa Gaudensia mwenyewe, hakuna kisahani, hakuna simu ya mtu. Giza lililofuata likaingia, chaja zikajaa, na kabla wiki haijaisha Gaudensia akapiga simu. Hakugomba. Alisema tu fundi, ule waya wa bluu nimeugusa umeniunguza, na mimi hapa sijachomeka hata redio.

Gody alikaa chini na simu mkononi. Alikuwa ameketi kizingitini Makoko, watu wanapita, wanamsalimia, haitiki.

Akaenda Buhare kwa Debora. Debora ni fundi umeme wa kiwanda cha samaki, walikuwa wanafahamiana tangu Bunda, na alikuwa na ile mita ya kukumbatia waya, unaibana tu inakusomea umeme unaopita bila kukata kitu. Akaomba kuiazima. Hakusema ya nini.

Kule Murangi akabana fezi ya kwanza, akaandika kwenye kiganja. Ya pili, ya tatu, zote karibu sawa, kazi yake nzuri. Akabana wa bluu. Ule usiobeba kitu. Ulikuwa unabeba kuliko fezi yoyote kati ya zile tatu, karibu mara moja na nusu. Akadhani mita mbovu. Akafungua, akafunga, namba ileile. Gaudensia alikuwa amesimama nyuma yake akauliza inasemaje. Gody akasema subiri kwanza mama. Akazima nusu ya chaja, akaacha nusu, waya ukapoa kidogo. Wavuvi wa zile zilizozimwa wakamtukana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakurudisha.

Alivyorudisha mita, Debora alikuwa uani anaparua sato. Akamsomea namba za kiganjani. Debora akaacha kisu.

"Huo mzigo ni nini, chaja?"

"Chaja tupu, dada."

"Na nyutro ukaweka nyembamba."

Hakuwa anauliza. Akamweleza huku anaosha mikono. Mota, alisema, inavuta umeme taratibu muda wote, kama mtu anakunywa uji wa moto. Kwa hiyo mota zikigawanywa sawa, marudio yanakutana kwenye nyutro yanauana, hapo mzee Stanislausi hakukudanganya. Chaja hainywi hivyo. Chaja inasubiri umeme ufike kileleni inapiga fundo moja kubwa, inaacha, inasubiri tena, fundo. Fezi tatu zinafika kileleni kwa zamu, kwa hiyo mafundo hayakutani hata siku moja, hakuna wa kumwua mwenzake. Yote yanarudi kwenye wa bluu, hili likipita linakuja lile. Hata ugawe sawa namna gani, ndiyo unazidi kuujaza. Umeme unaovurugika hivyo mafundi wa kiwandani wanasema una hamoniki, na wao iliwasumbua walipofunga mitambo ya kisasa ya kuendeshea mota za barafu, mpaka wakaweka koili za kuusafisha.

"Kwa hiyo mtu akichomeka simu kidogo pembeni..." Gody akasema.

"Simu hata thelathini haziunguzi huo waya. Uliunguzwa siku ulipofunga." Debora akachukua kisu chake. "Weka nyutro mara mbili ya fezi, na koili mbele ya kila kundi la chaja. Kwani nani alichomeka simu?"

Gody akasema hakuna mtu. Halafu akaondoka bila kuaga vizuri, amefika barabarani ndiyo anakumbuka hajasema asante.

Alinunua waya mnene, akaagiza na koili. Angeweza kwenda kufunga kimyakimya, watu wakaona tu imepoa, yakaisha. Alilifikiria hilo, tusidanganyane. Alilifikiria mpaka stendi. Akapanda gari la Butiama.

Kwa Silasi aliuliza njia kwa watu, akamkuta anageuza mihogo juani. Begani, pale maji ya betri yalipodondokea, ngozi imekuwa nyeupe. Gody akasema shikamoo baba, na ile shikamoo ilitoka nyembamba. Silasi akaitika marahaba, akamletea kigoda, mke wake akaleta maji. Walivyomkarimu ndiyo wakazidi kummaliza. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa.

Akasema yote. Waya, mota, chaja, namba. Mpaka la dukani akalisema. Akaomba msamaha, akainamisha kichwa akangoja.

Silasi aligeuza mihogo kwanza, upande mmoja wote. Kisha akauliza, "Kijana, hapa kwangu nani alisikia naitwa mwizi?"

Gody akaangalia mihogo.

"Nakuuliza. Huyu mama alisikia? Hawa ng'ombe walisikia?"

"Hapana, baba."

"Sasa mbona unakuja kuniambia mimi? Mimi nilikuwa najua siku zote sijaiba. Kawaambie wasiojua."

Gody akasema atawaambia, akirudi tu. Silasi akasema hapana, si ukirudi. Watakwenda wote. Anataka asikie kwa masikio yake, maana lile la kwanza alilisikia kwa masikio yake pia. Akaenda kubadilisha shati.

Wakapanda gari. Kutoka Butiama mpaka Musoma, kutoka Musoma mpaka Murangi, Gody amekumbatia ule waya mnene magotini. Alijaribu mara moja kumlipia mzee nauli, mzee akaweka mkono juu ya mkono wake akausukuma taratibu, akalipa yake.

Mwaloni walifika jua limeanza kushuka, wavuvi wanakusanya taa. Walipomwona Silasi kelele zikakatika. Mmoja akatania kwamba mzee amefuata betri lake, wawili wakacheka, haikuendelea. Gaudensia akatoka ndani. Gody akasimama juu ya kreti ya samaki, akaona anaonekana kama mnadishaji, akashuka.

Akaanza na hamoniki. Akasema umeme unavurugika, akasema kilele, akasema marudio ya fezi tatu, maneno yanatoka mengi na hata yeye alikuwa anajisikia anavyojificha nyuma yao. Amos akamkata.

"Fundi, hatujaja darasani. Mzee aliiba, hakuiba?"

"Hakuiba."

"Nyumba aliiunguza nani?"

Gody akaushusha ule waya mchangani. "Mimi," akasema. "Nilifunga waya mdogo. Mzee aliniambia mara mbili unanuka, nikamjibu vibaya. Siku ile nilivyouona nilijua ni waya wangu, nikasema ni yeye."

"Ulijua?" Ni mwanamke mmoja wa kuanika dagaa aliyeuliza, wala hakupaza sauti. "Na ukawa unatembea nyuma yake vile?"

"Nilitembea."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hata kofi angelipokea, kofi lina mwisho. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanaangalia chini, kila mtu na miguu yake, maana pale hapakuwa na mmoja ambaye siku ile hakuzomea au kusimama akaangalia, na Amos mikono yake yote miwili ndiyo iliyomtwika mzee lile betri. Alivua kofia. Akamwendea Silasi, akapiga goti moja kwenye mchanga, akasema kitu kwa Kijita kwa sauti ya chini. Silasi akamshika kiwiko akamwinua. Wengine wakaanza kuja, mmoja mmoja, wanampa mikono miwili, mzee vipi, mzee za nyumbani, mihogo imekubali mwaka huu? Gaudensia akamwambia kazi yake ipo, hata kesho. Silasi akasema ana mihogo juani, atafikiria. Hakusema ndiyo. Begi la nguo hakuja nalo.

Gody aliingia ndani na waya wake. Akazima swichi kubwa, akang'oa ule mwembamba wote, akaanza kupitisha mnene. Ulikuwa mgumu kukunja, unapinga kwenye kona. Nje alisikia wanaanza kucheka tena, sauti ya Amos inamsimulia Silasi mambo ya tangu aondoke, nani kaoa, mtumbwi wa nani umepasuka. Palikuwa na nafasi katika yale mazungumzo, mtu alikuwa anaweza kutoka akakaa pembeni akasikiliza. Hakuna aliyemwita. Gaudensia alipita mlangoni mara moja akauliza kama taa zitachajiwa kesho, akajibiwa ndiyo mama, akaondoka.

Aliposikia Silasi anaaga, akasimama, akasogea mpaka karibu na mlango na bisibisi mkononi. Alitaka kumsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Akaona watu wameshamzunguka, wanamsindikiza wenyewe, njia ileile ya siku ya betri. Akarudi kwenye kiungio. Akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.